Tabia Mbalimbali Katika Kazi Moja

Matabibu wa kale, tangu Hippocrates na Galen hata Ibn Sina, walifundisha kwamba damu, balghamu na nyongo za aina mbili ndizo zimfanyazo mtu awe mchangamfu, mpole, mkali au mwenye huzuni. Na elimu hiyo ilifika mwambao wetu kwa vitabu vya Kiarabu, lugha iliyotupa neno lenyewe, tabia. Sayansi ya leo imeiacha, lakini swali la tofauti za tabia lilibaki. Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alieleza namna mbili za watu: ambaye nguvu zake huelekea nje, kwa watu na mambo, na ambaye humrudia ndani, katika fikira zake, naye akasema kila mtu anazo zote mbili, ila moja hushinda.

Tazama basi mkutano wa ofisini. Karani mchangamfu hunena ili apate wazo, ilhali mtunza hesabu hufikiri kwanza, na alipatapo jibu mjadala umekwisha pita. Mkubwa asiyelijua hilo humdhani huyu wa pili kuwa mzito wa akili, na hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma, maana huenda ndiye aliyeliona kosa lililomo daftarini. Hoja na zigawiwe siku moja kabla, kila mtu apewe zamu ya kusema bila kukatizwa, na aliyenyamaza aruhusiwe kuleta maoni yake kwa maandishi kesho yake asubuhi. Wala mchangamfu asiitwe mpayukaji. Aachwe azungumze na mwenziwe kabla ya kuketi kuandika.