Hadhari na Uyoga wa Shambani

Mvua zikisha kolea, uyoga huchomoza chini ya miti na juu ya magogo yaliyooza. Wenye kuujua huuchuma, nao ni kitoweo kizuri. Lakini twawasihi wanachama wote, na khasa wenye kupokea wachumaji wa karafuu kutoka mbali, wayasome maneno haya kisha wawasomee wenzao.

Asiyejua uyoga kabisa huuogopa, na woga humwokoa. Khatari kubwa ni ya yule ajuaye uyoga wa kwao, akauona mfano wake ugenini. Usiku wa kuamkia mwaka 2012, katika mji wa Canberra, Australia, uyoga uliochumwa pale pale ulipikwa na kuliwa, na watu wawili wakafa. Uyoga huo, ungali mchanga, hufanana sana na uyoga wa mabua ya mpunga unaoliwa Asia ya Mashariki.

Sumu yake haifi kwa moto: ukichemshwa, ukikaangwa au ukianikwa, sumu i pale pale. Wala haina haraka. Mlaji hulala salama. Hupita saa 6 au zaidi, hata siku nzima, ndipo aanze kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu, watu wakashukuru, kumbe ndani ini laharibika.

Wako wasemao kwamba kijiko cha fedha kisipogeuka rangi chunguni, uyoga hauna neno. Au kwamba ulioliwa na konokono ni salama. Hayo si kweli. Konokono hula uyoga unaomwua mtu, asidhurike.

Basi twashauri hivi. Usile uyoga ila ule uliotambuliwa na mtu wa hapa hapa aujuaye vyema. Naye akitia shaka, utupwe. Watoto wasiachiwe kuokota. Mtu akishikwa na tumbo baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali papo hapo, na wote waliokula naye wafuatane, hata wakijiona wazima. Chukueni mabaki, mabichi au yaliyopikwa, daktari ayaone. Na mgonjwa akipata nafuu, asirudishwe nyumbani mpaka daktari aseme.

Mboga hazijatuishia: mchicha upo, kisamvu kipo. Uyoga usioujua, uache uoze hapo ulipoota.