HISA ZA KAMPUNI YA SIMU: MAPATO YANATOKA WAPI?

Katika vikundi vyetu hapa Endebess kuna swali linaulizwa: akiba tuiweke kwa hisa za Safaricom, ama tuiache benki? Hatuwezi kuamulia kikundi chochote. Lakini tunaweza kueleza jambo ambalo hata wawekezaji wakubwa wa Nairobi hubishania, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Mfumo wenyewe
M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kutumiana pesa. Leo imekuwa kama uti wa mgongo wa biashara. Mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga na mwenye agroveti wote hupokea malipo kwa nambari ya till, hulipa muuzaji wa jumla kule Kitale, na wengine hukopa papo hapo. Karibu kila hatua kuna ada ndogo inayokatwa. Ada hizo zikikusanywa ndizo mapato.

Wanabishana nini?
Upande mmoja husema watu hawawezi kuacha kutumia M-Pesa, kwa hivyo mapato yatakua tu. Upande wa pili husema ada inaweza kupunguzwa, ushuru ukapandishwa, au wateja wakachoka.

Mwaka 2020 ubishi huu ulipata mtihani. Kwa sababu ya Korona, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa kuanzia Machi mpaka Desemba. Katika mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2021, mapato ya M-Pesa yalishuka kutoka shilingi bilioni 84.4 hadi bilioni 82.6. Lakini watu walikuwa wamezoea kutuma hata pesa kidogo. Ada iliporudi, mwaka uliofuata mapato yalifika bilioni 107.7, na mwaka ulioisha Machi 2025 bilioni 161.1.

Mapato si faida
Mwenye duka akiuza bidhaa za shilingi 10,000, hayo ni mapato. Akitoa bei ya kununulia, nauli na kodi ya chumba, akabaki na 800, hiyo ndiyo faida. Mwenye hisa hupewa sehemu ya faida. Safaricom ilipofungua huduma Ethiopia mwaka 2022, mapato ya M-Pesa hapa Kenya yalikuwa yanapanda, lakini gharama za kule zilipunguza faida ya kampuni nzima.

Bei hupanda na kushuka
Mwaka 2008 serikali iliuzia umma robo ya kampuni kwa shilingi 5 kila hisa. Tuchukue hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3: aliyelazimika kuuza ili anunue mbolea hakupata hata 6,000. Agosti 2021 bei ilipita 40: aliyengoja alikuwa na zaidi ya 80,000. Mwisho wa 2023 bei ilikuwa chini ya 15, na hisa hizo hizo hazikufika 30,000. Kampuni ni ile ile. Tofauti ni nani aliweza kungoja.

Basi tufanye nini?
1. Pesa za mbegu, mbolea na karo zisiguswe. Hisa ni za pesa ambayo kikundi kinaweza kuisahau kwa miaka kadhaa.
2. Msikope wala kuuza ng'ombe wa maziwa ili mnunue hisa.
3. Hesabu za kampuni zikitangazwa, msiulize mapato peke yake. Ulizeni faida ni ngapi, na mwenye hisa atapewa ngapi.
4. Mwenye duka aandike kila jioni ada alizokatwa. Mapato wanayobishania wakubwa hutoka pia katika droo yake, na akijua kiasi atajua bei ya kuuzia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kikundi kupiga kura juu ya hisa, daftari lifunguliwe kwanza mbele ya wanachama wote.