Daftari Kabla ya Makumbusho

Mgeni akiuliza historia ya kata yetu ya Kyimo, Rungwe, wengi humwelekeza Daraja la Mungu. Sawa, mwamba ule wa volkeno uliolala juu ya Mto Kiwira unastahili nauli yake. Ila mwamba hauhitaji mlinzi. Mimi niliyefundisha Historia shule ya msingi mpaka nikastaafu, nawaza zaidi karatasi na vinywa.

Niliwahi kuuziwa karanga zimefungwa kwa ukurasa wa daftari la wakulima wa kahawa: majina, kilo, alama za dole gumba. Nikamwomba mama muuzaji kurasa zilizobaki. Chache mno, nyingine zilikwisha kwenda na karanga.

Yaliyohifadhiwa vizuri yako mbali. Kati ya 1934 na 1938 watafiti Godfrey na Monica Wilson waliwahoji Wanyakyusa, wakisaidiwa na watu wa hapahapa kama Leonard Mwaisumo. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na taarifa walizotuma kwao zimetunzwa Herrnhut, Ujerumani. Kwa hiyo anayetaka kujua babu yake alisema nini kuhusu shamba lake, aanze na pasipoti.

Akina Wilson walivutiwa na jambo ambalo wajukuu wangu wanaliona kama hadithi. Kijana wa kiume akifika miaka kumi hivi alihama kwa wazazi, akajenga na wenzake wa rika kijiji chao. Walilala huko, lakini chakula walikwenda kula kwa mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mara moja katika kila kizazi, wazee waliwakabidhi utawala kwa sherehe ya ubusoka. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini mipaka ya zamani ilifuata rika, si ukoo peke yake.

Tusitegemee sheria itufanyie kazi ya kutunza historia yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye husubiri tangazo la waziri. Misheni ya Rungwe ilikuja karibu miaka thelathini baada ya hapo. Chai ya kwanza ya Kyimbila ilipandwa 1904. Karibu kila kilichojengwa kwa tofali huku kwetu ni kichanga mbele ya sheria hiyo.

Wasukuma wa Bujora, karibu na Mwanza, walishatuonyesha njia. Miaka ya 1950, Padri David Clement na wenyeji waliunda kamati ya utafiti, wakakaa na wazee kukusanya mila, ngoma na vifaa vya watemi. Makumbusho yalifunguliwa 1968. Angalia mpangilio: mazungumzo kwanza, jengo baadaye. Sisi tungeanza na harambee ya mabati, halafu tugombane nani awe mwenyekiti.

Kyimo ingeanzia makaburini. Tunazika nyumbani, kando ya migomba, na saruji imeandikwa majina na miaka ambayo mvua ya Rungwe inaifuta taratibu. Vijana wawili wenye simu wanaweza kupiga picha kitongoji kizima, kwa ruhusa ya wenye nyumba. Kisha waende kwa wazee, wawarekodi kwa Kinyakyusa, waandike daftarini nani kasema, lini, na mbele ya nani. Koo mbili zikipingana kuhusu nani alitangulia kufyeka bonde fulani, ziandikwe simulizi zote mbili. Msuluhishi asiitwe.

Na wasidharau kinachosikika kama ngano. Wanakijiji wa Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kipunji, nyani mwenye haya, na watafiti wakadhani huenda ni wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho. Ilipofika 2006 alikuwa amepewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus.

Lililo gumu ni daftari hilo likae wapi. Likikaa kanisani, watauliza kanisa lipi. Likikaa kwa mzee mmoja, akifa litagawanywa pamoja na sufuria. Mimi nasema ziwe nakala mbili, moja shuleni, moja ofisi ya kata, na kila anayeazima asaini. Mwenyekiti tutamtafuta baadaye, kama atahitajika.