Mapafu banapima, mawazo nani atapima?



Kila mwaka tunapita ku viziti ya munganga. Banatwala damu, banapiga foto ya mapafu, banapima masikio. Muntu anatoka na karatasi: anaweza kazi. Lakini hakuna mashini ya kuona kama muntu analala, ao kama anaogopa kurudia ku shimo.

Mwenzetu mmoja aliona rafiki yake anafunikwa na udongo. Toka siku ile usingizi ulimukimbia. Alipewa dawa, mwezi ukaisha, bakaandika kama amepona. Nikamuuliza: "Nani alikuuliza kama umepona?" Akajibu: "Hakuna." Bibi yake njo alijua ukweli: bwana alikuwa angali anaamuka usiku na kulalamika.

Kuuliza mugonjwa mwenyewe ni kipimo cha kweli. Tuangalie kule Kivu ya Kusini. Bamama 405 benye kubakwa, wa vijiji 15, balisaidiwa kwa njia mbili. 157 balipata matunzo ya mazungumzo mu vikundi. 248 balipata musaada wa muntu mmoja mmoja. Baliulizwa juu ya huzuni, woga na kazi zao za kila siku, mbele ya matunzo na kisha. Mwanzoni, zaidi ya 70 kwa 100 balikuwa na dalili nzito pande zote mbili. Kisha miezi sita, upande wa vikundi balibakia 9 kwa 100. Upande mwingine 42 kwa 100. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Bila kuuliza bamama, nani angejua njia gani inasaidia zaidi?

Kuko fomu fupi inaitwa PHQ-9. Ni maulizo 9 juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, nguvu, huzuni. Kila jibu ni 0 mpaka 3. Jumla inaweza kufika 27. Kuanzia 10, munganga anapaswa kuchunguza zaidi. Lakini kama muntu anasema anawaza kufa, hata siku moja tu, apelekwe palepale, tusingojee jumla.

Siye ku sendika tunaomba mambo matatu. Kwanza, maulizo yasemwe mu Kiswahili cha kwetu: hapa muntu anasema "mawazo ni mingi" ao "moyo uko muzito". Pili, baulize tena kisha mwezi, juu namba ya siku moja haionyeshi kama muntu anapona. Tatu, ile karatasi ibakie kwa munganga, isifike ku biro ya bakubwa. Siri ya mugonjwa inalindwa na sheria: article 73 ya Code pénal.

Maana tunajuana. Kama muntu anaogopa kupoteza kazi, ataandika 0 fasi yote. Na namba ya bongo haiponye muntu.

Kwa hiyo, kamarade, wakikuuliza, sema ukweli. Na wee mama, kama bwana halali, usingojee viziti ya mwaka. Mupeleke.