Pasipoti ya Uongo Pekee Haitoshi Kumtia Mtu Hatiani

Wengi huamini kwamba mtu akikutwa na pasipoti yenye jina lisilo lake, kesi imekwisha. Sheria ya India inadai zaidi ya hapo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Pasipoti ya mwaka 1967 kinamwadhibu anayetoa taarifa za uongo, au kuficha taarifa muhimu, kwa kujua, ili apate pasipoti. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 2, faini isiyozidi rupia 5,000, au vyote viwili. Kwa hiyo upande wa mashtaka una mizigo miwili: kuthibitisha kwamba taarifa ni za uongo, na kwamba mshtakiwa alizitoa huku akijua hivyo. Kosa la kughushi nalo lina mpaka wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba asiyetengeneza hati ya uongo hawezi kutiwa hatiani kwa kuighushi, hata kama imemnufaisha; kuitumia ni kosa jingine, nalo lina masharti yake.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yanawapa wahalifu upenyo, kwani kila mmoja atadai fomu ilijazwa na wakala. Huegemea kanuni ya ushahidi inayomtaka mtu athibitishe jambo analolijua yeye hasa. Lakini tangu mwaka 1956, katika kesi ya Shambhu Nath Mehra, Mahakama ya Juu imeeleza kwamba kanuni hiyo haiuondolei upande wa mashtaka wajibu wake wa msingi. Wala ujuzi wa mshtakiwa si siri isiyofikika. Picha iliyobandikwa kwenye fomu ni ya nani? Saini inalingana na yake? Shule inakitambua cheti kilichoambatanishwa? Pasipoti ilitumika kuvuka mipaka? Mfano ni Chhota Rajan, kiongozi wa genge la uhalifu, aliyekamatwa Bali mwaka 2015. Mwaka 2017 mahakama maalumu ya Delhi ilimhukumu kifungo cha miaka 7 kwa makosa kadhaa, si la kifungo cha 12 pekee, yanayohusu pasipoti yenye jina la Mohan Kumar, pamoja na waliokuwa maofisa watatu wa pasipoti. Ushahidi ukikusanywa vizuri, kisingizio cha wakala hakifiki mbali.

Mpelelezi asiridhike na pasipoti aliyoikamata. Aifuate hadi kwenye fomu ya maombi na mkono ulioitia saini. Mnyororo huo ukikatika, shaka ni haki ya mshtakiwa, na mahakama inapaswa kumwachia huru.