Je, Wajua? Karafuu Ndani ya Manukato ya Kale

Je, wajua kwamba manukato ya kale ya maua na viungo, yale yaliyouzwa Ulaya kwa sifa ya Mashariki, yana deni kubwa kwa visiwa vyetu? Mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia waliweza kuigeuza yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, ikawa vanilini, ile harufu tamu iliyo msingi wa manukato hayo. Na karafuu nyingi za dunia zama hizo zilitoka Unguja na Pemba. Yujenoli hiyo hiyo ndiyo iigayo harufu ya ua la karneshini, kama ilivyo katika L'Heure Bleue, aliyoitunga Jacques Guerlain mwaka 1912, manukato ambayo, kwa rai yangu, ni nadra kupata mfano wake kwa ulatifu.

Aliye Samuye, mkoani Shinyanga, akijaaliwa chupa kuukuu ya namna hii, na aihifadhi sandukuni, mbali na nuru na joto, kwani harufu nyepesi za ndimu na bergamoti ndizo zitanguliazo kuharibika. Kisha ajipake tone moja tu, baada ya magharibi, maadamu hari kavu ya kiangazi huzirusha upesi zile nyepesi, ilhali vanila husalia nguoni hata asubuhi.