Kutu: mwizi wa taratibu kwenye stoo ya mkulima

Na Mwandishi Wetu, Kyela

JEMBE lililotoka kwenye jaruba la mpunga hapa Ipyana, likilala nje na tope lake, asubuhi hukutwa na madoa ya kahawia. Wengi huliona jambo dogo. Lakini hiyo ni hasara isiyoandikwa kwenye daftari lolote la mauzo.

Kutu ni nini? Chuma ardhini hupatikana ndani ya mawe, kikiwa kimeungana na oksijeni, na hutenganishwa kwa moto mkali. Wahunzi wa Kikinga wa Milima ya Livingstone walifanya kazi hiyo zamani na kuwauzia Wanyakyusa majembe. Kutu ni safari ya kurudi: chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja, huungana tena na oksijeni na kuwa unga. Unga huo hupukutika, na chuma kilicho chini yake nacho huanza kuliwa.

Kyela ina mvua nyingi na hewa yenye unyevu. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, hivyo hatuna chumvi ya bahari inayoharakisha kutu kama ilivyo Tanga au Zanzibar. Chumvi yetu imo kwenye mfuko wa mbolea. Usiweke mbolea pamoja na plau, misumari au mabati, na bomba la kupulizia dawa lisuuzwe kila baada ya kazi.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kipone. Ikiisha, bati hutoboka. Mnunuzi akumbuke kuwa namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Muuzaji naye asilaze mabati yaliyolowa yakiwa yamebanana. Maji yaliyonaswa katikati huleta kutu nyeupe kama unga, na mali huharibika kabla ya kuuzwa.

Wakulima wa kakao wana adui wa ziada. Punje zikivundikwa kwa siku 5 hadi 7 hutoa asidi ya siki, nayo hula chuma. Tumia sanduku la mbao, misumari isiguse kakao, la sivyo chembe za chuma huingia kwenye punje na kuharibu ubora wake.

Dawa ni kukitenga chuma na maji au hewa. Osha tope, kausha kwa kitambaa, kisha paka grisi au oili chafu. Kwa panga la kupasulia kakao tumia mafuta ya kula, si oili chafu. Kutu ikishaanza, isugue kwa brashi ya waya na msasa kabla ya kupaka rangi. Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka nayo.

Ni kazi ya dakika chache kila jioni. Jembe jipya linadai debe la mpunga.